Nakala ya Mwisho ya Mama Muhuri

Wasikilizaji wapendwa, nyamazeni kidogo. Mwenyewe angewaambia hivyohivyo, tena kwa jicho tu, bila kufungua mdomo. Tunamkumbuka mkutubi wa chuo, aliyetutoka wiki tatu zilizopita akiwa na miaka sitini na nne. Wanafunzi walimwita Mama Muhuri. Walitania kwamba ukisinzia mezani pale maktaba, utaamka una muhuri kwenye paji la uso.

Alianza kazi enzi ambazo kazi ya mkutubi ilikuwa kutunza. Kitabu kinakuja, unakipa namba, unakiweka rafuni, unamkodolea macho anayekiazima. Basi. Miaka kumi na tisa alitunza. Kisha profesa aliyekuwa mhariri wa jarida la utafiti la chuo akastaafu, na kiti chake kikakosa mrithi. Walimu wakatazamana. Mwishowe wote wakamtazama yeye.

"Mimi mtunza vitabu, si mchapishaji," aliwaambia.

"Sasa ni vyote viwili, dada," mkuu wa chuo akamjibu.

Mtunzaji akawa mchapishaji. Alipokea makala, akazipeleka kwa wahakiki, na wahakiki waliochelewa akawaandama mpaka wakawa wanamkwepa koridoni. Fundi wa kujalidi vitabu, ambaye maktaba nzima inamwita Gundi, anakumbuka: "Nilimkuta profesa mzima kajificha nyuma ya rafu ya jiografia. Mama akamwambia, 'Mzee wangu, toka tu, viatu vyako naviona.' Kesho yake makala ikarudi!"

Halafu akaliweka jarida mtandaoni. Miaka ishirini na sita ya jarida, makala mia tatu na kumi na mbili, ukurasa mmoja mmoja chini ya skana. Binti yake anasema mama alikuwa anarudi nyumbani macho mekundu, na bado anacheka. "Ananiambia, 'Mwanangu, sasa hata aliye ng'ambo anatusoma bila kupiga hodi.'"

Sasa sogezeni masikio. Rafu zilikuwa zimejaa, na chuo kilitaka nafasi. Wakutubi wana kanuni yao: usitoe nakala ya mwisho. Kabla ya kutoa, unatazama katalogi ya pamoja, ile orodha inayoonyesha maktaba gani ina nini. Mama Muhuri akatazama. Katalogi ikamwambia kwamba chuo kingine, mbali huko, kina jarida lote. Akashusha pumzi. Akachukua muhuri wenye neno IMEONDOLEWA, akayagonga matoleo yote kwa mkono wake mwenyewe. Yakaenda kusagwa.

Miaka minne baadaye, kompyuta iliyobeba jarida ikafa. Nakala ya akiba ilipofunguliwa, ilikuwa na majina ya makala tu. Narudia: majina yapo, makala hazipo. Orodha ya vyakula ukutani, jikoni hakuna hata sufuria.

Hakutaharuki. Alimpigia simu mkutubi wa kile chuo kingine, mtu waliyejuana naye miaka mingi. Gundi alikuwa pembeni, akisikia kila neno.

"Kaka, nisaidie. Niazime lile jarida letu, nilipitishe upya kwenye skana."

Upande wa pili kiti kikasogezwa.

"Kaka, upo?"

"Nipo, dada. Mimi nililitoa."

"Ulilitoa vipi?"

"Nilitazama katalogi. Ikasema wewe unalo lote."

Wote wawili walilitoa mwezi uleule, wasikilizaji. Kila mmoja alifuata kanuni, kila mmoja alimwegemea mwenzake, na katalogi ilikuwa bado haijarekebishwa. Gundi anasema mama alikata simu, akaketi kwenye kile kingazi cha kufikia rafu za juu, akasema, "Gundi, tumepishana mlangoni, na nyumba tumeiacha tupu."

Msidhani hizo ni karatasi za wasomi kujisifia. Mle ndani mlikuwa na makala ya mpimaji mmoja aliyepima kina cha maji ya visima kwa miaka kumi na moja, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Mpimaji ameshafariki. Madaftari yake yaliliwa na mchwa. Siku moja mhandisi wa maji akaja kuiomba makala ile, apate kujua wapi achimbe. Mama Muhuri akamwonyesha jina la makala kwenye skrini.

"Mama, jina halinisaidii," mhandisi akasema. "Nahitaji vile vipimo."

Mama Muhuri akavuta karatasi na kalamu.

Kuanzia hapo, miaka sita, aliandika barua. Kwa waandishi, kwa wajane wao, kwa watoto wao. Mmoja alimjibu kwamba jarida lake lilishachanwa likatumika kufunikia madaftari ya shule. Mdogo wake wa kiume akamwonea huruma: "Dada, maji yakimwagika hayazoleki." Akamjibu, "Aliyeyamwaga ni nani? Niache nipanguse." Alikufa amekusanya makala hamsini na nane. Hamsini na nane, kati ya mia tatu na kumi na mbili. Ya visima haimo.

Binti yake anasimulia siku ya mwisho hospitalini. "Aliniuliza kama posta imekuja. Nikaona heri nimdanganye, apumzike. Nikamwambia, 'Ndiyo, mama, imekuja ile ya visima.' Akanitazama sana. Akauliza, 'Toleo la ngapi?' Nikajifanya namweka mto vizuri. Akageukia ukutani."

Siku nne baada ya maziko bahasha ikafika maktaba. Gundi aliifungua. Toleo la tisa. Hilo walikuwa nalo tayari.

Tunampa pole binti yake, tunampa pole mdogo wake, na wewe Gundi, ambaye sasa unaandika hizo barua peke yako. Nasi tuliobaki tujiulize: ni kitu gani tumekitupa leo, tukiamini jirani anacho? Usikae hivyo, mpigie simu jirani umuulize. Na kama nyumbani kuna jarida kuukuu la chuo, lenye jalada la kijani, limewekwa chini ya mguu wa meza, lichomoe ulipeleke chuoni. Siahidi kwamba litakuwa ndilo. Nilizungumza na mhandisi juzi. Wamechimba kisima cha tatu mwaka huu, kwa kukisia. Kikavu.