Mama Upepo na Hewa ya Ghorofa ya Sita

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzetu mliokuja kumsindikiza dada yetu: wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa mwisho, mtunza stoo, na ndiye anayeusoma. Familia imeupitia na kuukubali jinsi ulivyo.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Upepo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na mfua nguo. Waliishi chumba kimoja ambacho dirisha lake lilipigiliwa misumari kwa kuogopa wezi. Alasiri moja ya mvua, akiwa na miaka tisa, jiko la mkaa liliingizwa ndani ili nguo za watu zikauke, na mlango ukafungwa. Kichwa kikaanza kumgonga. Alipoona wadogo zake wawili wamelegea sakafuni, alimburuta mmoja hadi nje, akarudi kumbeba mwingine. Aliyebebwa ni huyu anayesoma. Tangu siku ile marehemu hakuingia chumba chochote bila kusimama mlangoni kwanza na kuvuta pumzi, kama mpishi anayeonja chumvi.

Alimaliza sekondari mwaka 1985, kisha akasomea ufundi wa majokofu na viyoyozi hadi 1989, msichana pekee kati ya wanafunzi ishirini na wawili. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia, "Binti, hapa tunapanda juu ya dari, na wewe umevaa gauni." Kesho yake alifika na ovaroli aliyoshonewa na baba. Alimaliza wa pili. Kuhusu aliyekuwa wa kwanza, mpaka mwaka huu alikuwa akisema, "Yule aliibia, ila sina ushahidi."

Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa na fundi wa rangi aliyemkuta kazini akipaka korido bila kufungua dirisha, akamgombeza. Siku ya harusi ukumbi ulijaa na madirisha yamefungwa. Bibi harusi alipanda juu ya kiti na shela lake, akayafungua yote matatu. Mama mkwe aliuliza, "Huyu binti ana nini?" Bwana harusi akajibu, "Anatupenda, mama." Walijaliwa mabinti wawili.

Kazi aliianza tarehe 2 Septemba 1991, katika jengo la ofisi la ghorofa kumi, akitunza mitambo ya hewa, na hapo alidumu. Ghorofa ya sita ni ya wahudumu wa simu: watu arobaini na sita, meza zimebanana, madirisha yasiyofunguka, wote wanaongea kutwa. Kati ya Januari na Aprili 2017, watatu waligundulika na kifua kikuu. Marehemu alichora mahali walipokaa na kukuta wote walikuwa mstari mmoja, chini ya tundu moja la hewa. Akafunga kipande cha karatasi ya chooni kwenye uzi, akazunguka nacho chumbani kuona hewa inakoelekea. Ilitoka tunduni, ikapita juu ya mstari ule, ikanyonywa upande wa pili na kurudi ilikotoka.

Alipanda juu ya paa, kwenye chumba cha mashine. Kilango cha kuingizia hewa ya nje kilikuwa kimezibwa kwa ubao wenye skrubu nne mpya.

Meneja wa jengo alimwambia, "Lakini pale pana baridi safi kabisa."

"Baridi siyo hewa mpya, bosi. Ile wanayovuta imeshapita vifuani mwa wenzao."

"Hewa ya nje ina joto. Mashine itakula umeme."

Aliutoa ubao mwenyewe. Siku chache baadaye ulikuwa umerudi. Akautoa mara mbili zaidi, na kila mara ukarudi. Ndipo alipoanza kumshuku kila mtu: mlinzi, msafishaji, fundi umeme. Skrubu alizipaka rangi ya kucha ya binti yake, ili ajue zikiguswa. Daftari lake la vipimo vya hewa akawa analala nalo nyumbani. Kisha akaja stoo ya jengo, zinakotunzwa funguo zote, kwa mdogo wake, ambaye kazi hiyo alitafutiwa na yeye.

"Ufunguo wa juu umetoka?"

"Haujatoka, dada. Angalia kitabu."

Aliangalia kitabu, akamwangalia mdogo wake. "Sawa," alisema. Tangu siku hiyo hakuacha tena chupa yake ya chai stoo.

Tarehe 24 Julai aliwaandikia watu wa afya. Wakaguzi walikuja tarehe 9 Agosti, wakiwa wameutaarifu uongozi wa jengo mapema, na siku hiyo ubao haukuwepo. Yeye akahamishiwa kutengeneza majokofu ya jikoni.

Kikohozi kilimwanza Novemba. Tarehe 15 Januari 2018 vipimo vilionyesha kifua kikuu sugu. Daktari alisema hawezi kuapa aliupata wapi. Marehemu alimjibu, "Mimi pia siapi. Nashuku tu." Alipewa kitanda cha dirishani, katika wodi yenye madirisha pande zote mbili, na aliisifu mpaka manesi wakacheka.

Mwezi Septemba mdogo wake alikwenda kumwona, barakoa usoni, akamwambia, "Dada, ufunguo nilitoa mimi. Meneja alisema nisiandike. Niliogopa kazi. Nilitoa mara tatu, ubao uliporudishwa."

"Nne," alisema. "Ya nne ni ile ya kuutoa ubao, wakaguzi walipokuja."

Kisha akamuuliza mdogo wake:

"Utaandika?"

"Nitaandika."

"Basi andika na tarehe."

Ni tarehe 11 Mei, 2 Juni, 30 Juni na 8 Agosti 2017.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Oktoba 2018, saa nne asubuhi. Keshokutwa yake mdogo wake aliwapeleka wakaguzi kwenye paa bila taarifa. Ubao ulikuwepo, safari hii umepakwa rangi ya ukuta. Jana ujumbe kutoka kwa uongozi wa jengo uliomba sehemu hii iondolewe kwenye wasifu. Shada lao la maua tumelipokea. Sehemu hii haikuondolewa.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, ndugu wanne, na wahudumu wa ghorofa ya sita, ambao saba kati yao wako kwenye dawa na wengine bado wanasema ni mafua tu. Kliniki inafunguliwa Jumatatu saa mbili. Mwenyezi Mungu amlaze dada yetu mahali pa amani, na sisi twende tukapimwe.