Shemasi wa Chumba cha Kufulia Anaondoka na Watu Wake

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, Shemasi anavua aproni baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu. Wakubwa walitafuta mtu wa kumwelezea, wakaniona mimi, kwa sababu hapa hospitalini hakuna anayejua kusimulia kunizidi. Shule sikukaa, ndiyo, na karani wa utawala ndiye anayeniandikia. Lakini maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapiga pasi.

Kwanza mjue, Shemasi si shemasi. Jina tulimpa sisi, maana kila Jumatatu alikuja na habari za kanisani kwake. Huko kazi yake ni kupanga viti na kuimba besi. Besi gani! Mimi nikikohoa tu mabati yanaitikia. Yeye akiimba unadhani mtu anaburuza kabati sakafuni. Mwalimu wa kwaya anajua, waumini wanajua, na Mungu bila shaka anajua. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia akae chini. Sauti yangu ya dhahabu inasikiwa na masufuria ya nyumbani kwangu. Jamani, wivu usiniume kwa nini?

Alianza kazi kwenye mashine za kufua, akahamia kwenye pasi kubwa, akaishia meza ya kukunja pamoja nami. Shuka za hospitali hukunjwa na watu wawili: mmoja huku, mwingine kule, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Kwa kasi nilimshinda, muulizeni mwenyewe. Lakini hakuna shuka iliyotoka mkononi mwake ikiwa na kunyanzi, na vijana wote mnaowaona mle ndani amewafundisha yeye. Mashine ya kukaushia ilipokufa katikati ya mvua, ni yeye aliyefunga kamba ujia mzima wa nyuma. Daktari mkuu akawa anapita ameinama kama anaingia banda la kuku, lakini wodi hazikukosa shuka.

Katika kukunja huko ndiko tulikobishana. Nilimwambia wazi:

"Mzee mwenzangu, mahubiri siku hizi yako redioni, yako kwenye simu. Mimi nasikiliza nikiwa kitandani, miguu juu. Kwaya nzuri kuliko yenu, na mhubiri akinichosha namzima. Wewe wako utamzima?"

"Simzimi," akasema. "Nasinzia."

"Sasa unafuata nini huko?"

"Majina. Nikisali peke yangu naliombea goti langu tu. Kule naambiwa mama fulani kapasuliwa, mtoto wa fulani kafukuzwa kazi. Vuta upande wako, shuka inaburuzika."

Na msidhani kanisani kwake wote ni malaika. Wanagombania feni. Wanasengenyana. Yeye na mpiga kinanda walinuniana mwaka mzima, na kila Jumapili ilibidi wapeane mkono wa amani, mikono mikavu kama mbao. Mkewe Shemasi alipofariki, huyo huyo mpiga kinanda ndiye aliyefika wa kwanza, akalala sebuleni kwenye mkeka mpaka msiba ukaisha. Shemasi aliniambia siku zile kusali alishindwa, mdomo uligoma. "Wakaimba wao," alisema, "mimi nikakaa ndani ya wimbo wao kama mtu aliyejikinga mvua."

Msibani hapo nilikwenda. Ndani kumejaa, nje kumejaa, na mlangoni mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani akaniuliza, "Baba, wewe mwenzetu wa wapi?" Mimi! Nimekunja na mtu huyo shuka za kufunika mji mzima, naulizwa wa wapi! Nikapewa kiti karibu na ndoo za maji.

Halafu mwaka jana nikashikwa na homa. Redio ikaendelea kuhubiri pembeni ya kitanda, tena vizuri kabisa, ila haikuuliza kwa nini siamki. Siku ya pili mlango ukagongwa.

"Babu, fungua!"

"Babu wa nani? Nendeni zenu, mmekosea nyumba!"

"Katutuma Shemasi. Ukikataa tunaanza kuimba."

Nikafungua haraka. Walikuwa wanne, na mbele yao yule mama wa kitambaa cheupe. Wakafagia, wakapika uji, wakafua mpaka soksi. Mimi, mfuaji wa hospitali, nikafuliwa soksi! Na kazi yote waliifanya wakimsifu yeye: Shemasi mpole, Shemasi mcheshi, Shemasi hana baya. Mgonjwa mimi, sifa zake! Nikanywa uji wao kwa hasira, nikaomba mwingine.

Sasa niseme linaloniuma hasa. Dereva wetu wa zamani alipostaafu, alirudi kila asubuhi akasimama getini kututazama tukiingia, kama mtoto aliyekatazwa kucheza. Hakuwa na pengine pa kwenda. Zamu yangu ya kustaafu ni mwakani, na geti lile nimeanza kuliogopa. Shemasi haliogopi. Ijumaa hii ukumbini, kwenye sherehe ya kumuaga, sisi wafanyakazi tumetengewa safu mbili. Zilizobaki wameziomba watu wa kanisani kwake, na wanakuja na kinanda. Mwenzetu anatoka kazini lakini hatoki kwa watu. Jumapili asipoonekana, anayekaa naye benchi moja atakwenda kumtafuta kabla jua halijazama. Ndiyo desturi yao. Hicho ndicho ninachomwonea kijicho. Saa ya ukutani mtakayompa zawadi, hata mimi ninayo.

Kwa niaba ya chumba cha kufulia: asante, Shemasi, kwa mikono yako, kwa uvumilivu wako, na kwa kunivumilia mimi hasa. Kapumzike, ndugu yangu. Ule ushibe, ulale ukinai, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na Mungu akuzidishie miaka yenye afya.

Na Jumapili nipitie nyumbani. Nitakuambia mgongo unauma. Nitakuambia nitakuja wiki ijayo. Usiniamini.