Mwalimu Regina na Siku za Mto

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama sufuria iko motoni, punguzeni moto kidogo, kwa maana huyu tunayemkumbuka leo hakupenda kusikilizwa nusu nusu. Jina lake ni Mwalimu Regina Wambura. Narudia, Mwalimu Regina Wambura, mzaliwa wa Karurumo kule Runyenjes, Embu, mke wa Mzee Mugambi wa Nkubu, na mama yake Kawira. Alifundisha hesabu katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alizikwa Jumamosi iliyopita.

Wapo watakaowaambia kwamba marehemu alikuwa mpole. Marehemu wote huwa wapole siku ya mazishi. Regina hakuwa mpole. Alikuwa na kichwa kigumu, na mimi nitawaelezeni kile kichwa kilifanya nini.

Tuanzie Karurumo. Dada yake Susan anasema ukali wa Regina ulianza na ndizi. Nyumbani walikuwa watoto watano. Mama akileta ndizi kumi na nane, Regina ndiye mgawaji, na hakukubali kamwe ndizi zibaki mezani zikipiganiwa. "Tukiwa watano haziingii," Susan alituambia. "Anatoka nje anaita mtoto wa jirani ndiyo tukue sita, kila mtu apate tatu. Sisi tunanuna. Yeye anasema namba imekubali, nyinyi ni nani mkatae?"

Basi mtoto huyo akaenda chuo cha ualimu, akaolewa na Mugambi, akahamia Nkubu. Kimeru chake kiliwachekesha watu miaka mingi, maana kilikuwa na Kiembu ndani. Hakujali. Alipewa darasa katika shule ya msingi iliyo juu ya Nkubu, karibu na msitu, na huko ndiko alikofundisha lile somo lililomfanya ajulikane: vigawo na vigawe. Najua, wasikilizaji. Wengi wetu tuliviita fakta na maltipo, na tulivisahau kabla ya kengele kulia. Ngoja niwakumbushe, kwa sababu mambo yote ya leo yamekaa hapo. Kigawo ni namba inayoingia ndani ya nyingine bila kubakisha kitu. Nne inaingia kumi na mbili. Sita nayo inaingia kumi na mbili. Kigawe ni kule unakofika ukiruka kwa hatua zilizo sawa: nne, nane, kumi na mbili, kumi na sita. Ni hayo tu. Shikeni hapo.

Sasa, shule ile ilipata maji kutoka mradi wa wanakijiji. Maji yanatoka msituni, yanaingia kwenye tangi kubwa kilimani, na kutoka kwa tangi kuna mabomba matatu. Bomba la juu linanywesha mashamba ya juu. Bomba la chini linanywesha mashamba ya chini. Bomba la tatu, jembamba kama kidole, ni la shule. Siku nyingi maji yalifika shuleni vizuri. Lakini kulikuwa na siku mfereji unakohoa tu, hautoi hata tone. Siku hizo watoto wa darasa la tano kwenda juu walipewa mitungi, wakateremka bondeni kuchota maji ya kupikia githeri, yale mahindi na maharagwe ya mchana. Watoto waliziita siku za mto. Hakuna aliyejua zinakuja lini. Kamati ya maji ilisema bomba la shule linavuja. Fundi aliitwa, akachimba, akafukia, akalipwa, na siku za mto zikaendelea.

Mwaka wa 2017, Ijumaa moja, ilikuwa siku ya mto. Njia ya bondeni ilikuwa imenyeshewa. Msichana mmoja wa darasa la tano, jina lake Karimi, aliteleza na mtungi wake akavunjika mkono. Regina ndiye aliyempeleka hospitali, akakaa naye mpaka plasta ikakauka. Aliporudi aliingia moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Nyamu, akamwambia watoto wa darasa lake, la tano, hawaendi mtoni tena.

Mwalimu Nyamu alimuuliza watoto watakula nini. Na hapo, wasikilizaji, ndipo penye ugumu. Bila maji hakuna githeri. Na kuna watoto pale ambao sahani hiyo ya shule ndiyo chakula chao cha siku. Regina alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo alikataa. Alisema hawezi kuchagua kati ya mtoto mwenye njaa na mtoto aliyevunjika, na hao wanaotaka achague ndio watafute maji.

Jumatano ya pili yake mfereji ulikauka tena. Madarasa mengine nayo yalifuata la tano, hakuna aliyeteremka. Jiko halikuwashwa. Wadogo walilia, wakarudishwa nyumbani mchana na matumbo matupu. Jioni mama mmoja anayeitwa Makandi alikuja mpaka kwa Regina na kumwambia mbele ya mumewe, "Mwalimu, mtoto wangu amelala njaa juu ya kiburi yako." Mzee Mugambi anasema usiku huo mkewe hakula. Bodi ya shule nayo ilituma neno kwamba siku nyingine kama hiyo ikitokea, Mwalimu Wambura atafungasha mizigo.

Kesho yake alikuwa na somo la vigawe, na alifundisha kama alivyofundisha kila mwaka. Aliwatoa watoto nje, akawapanga mstari kando ya ua wa shule. Kila mtoto akawa namba, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na nne, na waliobaki wakapiga makofi. Kila wa nne anainua mkono. Kila wa sita anapiga mguu chini. Karimi, na plasta yake, alikuwa namba kumi na mbili. Akajikuta anainua mkono mzima na kupiga mguu kwa pamoja. Namba ishirini na nne naye vivyo hivyo. Wenzao wakacheka.

Karimi hakucheka. Alisema, "Mwalimu, hii ni kama maji. Kwa nyanya yangu huko juu wanafungua kila siku ya nne. Kwetu chini ni ya sita. Zikikutana ndiyo hapa inakauka."

Regina aliwaambia watoto wanyamaze. Akauliza wa mashamba ya juu zamu yao ni ya ngapi. Nne. Akauliza wa chini. Sita. Akahesabu kutoka ile Ijumaa Karimi alipoanguka mpaka Jumatano ya njaa. Siku kumi na mbili kamili. Akarudi nyuma tena kumi na mbili, akapata Jumapili, shule imefungwa, hakuna aliyehitaji maji. Ndiyo maana watu wazima hawakuona. Nyingine ziliangukia wikendi, nyingine likizo, na zilizobaki zikaonekana kama mkosi. Watu wa juu walihesabu zamu yao. Watu wa chini walihesabu yao. Kila upande ulikuwa na ufunguo wake na mikutano yake, na hakuna aliyewahi kuziweka hesabu mbili kwenye mstari mmoja. Bomba la shule halikuvuja. Siku mabomba makubwa mawili yalipofunguliwa pamoja, lile jembamba lilikosa nguvu. Basi.

Dawa yake nayo ilipatikana pale pale uani. Watu wa chini wachelewe siku moja. Mara moja tu, halafu waendelee na kila siku ya sita kama kawaida. Wa juu watabaki kwenye nne, nane, kumi na mbili. Wa chini wataangukia saba, kumi na tatu, kumi na tisa. Hazikutani hata mhesabu mpaka mvi. Hakuna shamba linalopoteza tone.

Wasikilizaji wapendwa, mngedhani mambo yaliishia hapo. Jumamosi ya wiki iliyofuata kamati ya maji ilikutana kwenye ua wa kiwanda cha kahawa, na Regina akaenda. Akawaeleza pole pole. Akawaambia Jumatatu inayokuja mabomba yote mawili yatafunguliwa na shule itakauka, wasubiri waone. Mwenyekiti, Mzee Mbaka, alimsikiliza akiwa amekunja mikono. Halafu akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa Embu. Hii maji tulichimba mtaro na mikono yetu."

Regina alikuwa ameolewa pale miaka ishirini na saba. Alisema, "Maji mlileta, Mzee, na tunashukuru. Hesabu hamkuleta."

Mwenyekiti alisimama, akasema kamati haiendeshwi na watoto wa darasa la tano, na akamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali nzuri, tunaipenda sana. Lakini hapa aliyevunjika alikuwa mtoto, na aliyekataa kusikia alikuwa mkuu.

Jumatatu ikafika. Bodi ilikuwa inasubiri njaa ya pili ili imhamishe. Regina alichukua darasa la tano asubuhi mapema, akapanda nalo kilimani, akaliketisha kwenye nyasi kando ya tangi. Hakubeba bango. Alibeba chaki, na mlango wa tangi ukawa ubao. Makandi, yule mama, alisikia na akapanda pia, akakaa nyuma na mtoto wake. Watu wa juu walikuja, wakafungua bomba lao, wakaenda zao. Halafu akaja Vincent, aliyekuwa na ufunguo wa bomba la chini.

Tulimtafuta Vincent wiki hii, naye akakubali kusema. "Nilikuwa na spana kwa mkono. Watoto wote wananiangalia. Mwalimu hakuniomba kitu, alikuwa anafundisha tu ile hesabu ya kuchelewa siku moja. Nikaona yule msichana wa plasta. Nikajiuliza, hii siku moja inanipunguzia nini? Nikasema mimi nitafungua kesho. Nikarudi nyumbani."

Alirudi nyumbani na ufunguo wake. Shuleni mfereji ulitoa maji. Githeri ilipikwa. Vincent akafungua Jumanne, akahesabu sita kutoka hapo, na tangu siku hiyo, miaka yote hii, zamu hizo hazijakutana tena. Watoto walioko shule ile leo hawajui neno siku ya mto ni nini.

Msidhani alishukuriwa. Muhula uliofuata Regina alihamishiwa Timau, kwenye baridi ile inayopasua midomo, mbali na nyumba yake. Waliosema ni uhamisho wa kawaida waliangalia chini wakisema. Kawira alilia. Alituambia mama yake alikuwa akikunja blanketi, hata hakusimama. Regina alisema, "Wacha wanihamishe mimi. Ile siku moja hawawezi kuirudisha."

Timau alifundisha watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya maua mpaka alipostaafu. Akarudi Nkubu, akafuga kuku, akagombana na kila mtu aliyemwambia mtoto wake hawezi hesabu. Kisha ugonjwa wa figo ukamshika. Mwezi uliopita alilala mikononi mwa mumewe, na hakuamka.

Siku ya mazishi boma lilijaa. Watu kutoka Karurumo, watu kutoka Timau, mabasi mawili ya walimu. Watu wengi namna hiyo wanahitaji maji mengi, na matangi ya nyumbani yaliisha kabla ya saa nne. Mzee mmoja, kwa mazoea tu, akaita vijana wadogo wa shule waliokuwa wamekuja kuimba. Akaanza kuwagawia mitungi waende bondeni.

Mzee Mugambi alikuwa amekaa kando ya jeneza. Aliinuka, akatembea mpaka pale, akauchukua mtungi kutoka mkononi mwa msichana wa kwanza. Akasema, "Mama Kawira yuko hapa bado. Hakuna mtoto ataenda."

Akashika njia ya bondeni na suti yake ya mazishi. Halafu Vincent akachukua mtungi. Mwalimu Nyamu akachukua. Makandi akajifunga leso kiunoni na kuchukua miwili. Wanakamati, wanabodi, wanaume wenye matumbo na viatu vya kung'aa, wakateremka mmoja mmoja kwenye njia ile ya matope, wakapanda wakihema. Watoto waliketi kwenye viti vya wageni, wakawatazama. Mwenyekiti Mbaka hakuja. Alituma gunia la viazi.

Kwa Mzee Mugambi, kwa Kawira, kwa Susan na ukoo wote wa Karurumo, sisi hapa kituoni tunasema poleni sana. Mungu awashike. Mmepoteza mtu, na sisi tumempoteza pia.

Na wewe msikilizaji, usizime redio bado. Kesho asubuhi utakutana na watoto njiani saa ya masomo, wamebeba maji, au kuni, au mzigo wowote uliokuwa wa mtu mzima. Usiwape pole ukapita. Waulize wametumwa na nani. Halafu nenda kwa huyo aliyewatuma, ukae kwake, na usitoke mpaka akueleze hesabu yake.