Kiatu Kilichoanguka Kwenye Mzunguko: Risala ya Abiria wa Pikipiki wa Rugerero

Imesomwa Rugerero, siku ya kufunguliwa kwa chemchemi, Agosti 1999

Mgeni rasmi, Bwana Naibu Perefe, msaidizi wa mkuu wa mkoa wetu;
Bwana Konseye, diwani wa sekta yetu;
Padri na Mchungaji, ambao leo mmekubali kukaa benchi moja;
nanyi madereva wa pikipiki mliosimama kule nyuma mkijifanya hamsikilizi:

Amani iwe kwenu nyote.

Karibu, ukae vizuri

Mgeni rasmi, sisi Abiria wa Pikipiki wa Rugerero tumefurahi kukuona tena. Tunasema tena, na sababu utaisikia hivi punde. Kiti ulichokalia ni cha Epiphanie, mwenyekiti wetu. Mto wake aliushona mwenyewe, na hajawahi kumruhusu mtu aukalie, hata mumewe. Ukimwona anakukodolea macho, usijali, anautazama mto.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu kati yetu wako waliorudi kutoka Kongo, waliorudi kutoka Tanzania na Uganda, na ambao hawakwenda popote, na hapa ndipo sote tunapokutana. Pia wewe mwenyewe ulizungumza Kiswahili na mwenzetu Nyirarukundo siku ile mjini. Ndiye anayekusomea. Mara ya kwanza alikuwa ameandika "mimi" kila mahali, Epiphanie akamwambia, "Ee dada, risala haina mimi. Risala ni sisi." Basi tukakubaliana kwamba panapomhusu, ajitaje kwa jina kama anavyomtaja mtu mwingine. Utakapomsikia Nyirarukundo akisema Nyirarukundo alifanya hivi na vile, usidhani uzee umemchanganya.

Tulivyoanza

Umoja wetu haukuanza kwa mkutano. Ulianza kwa kusimama kando ya barabara. Huyu ana kapu la maparachichi ya kuvusha Goma, huyu anakwenda kanisani, yule goti lake limekataa kupanda kilima. Sote tulikuwa tukimsubiri mtu mmoja, Damascène, aliyerudi kutoka Karagwe, Tanzania, na Yamaha yenye kiti kilichofunikwa kwa kipande cha zulia. Kwa kuwa alichelewa, tulizungumza. Kwa kuwa tulizungumza, tulikuwa umoja.

Juu ya miaka iliyopita hatutasema mengi. Unaijua na sisi tunaijua. Kulikuwa na wakati tukisikia mngurumo barabarani tunafunga mlango. Ni wakati huo ndipo Akaliza, mkwe wa Nyirarukundo, alipoanza kushikwa na uchungu wa kuzaa, na hakuna gari lililokubali kutoka. Damascène alikubali. Alivua koti lake, akalikunja na kuliweka juu ya kiti ili mama yule akae vizuri, akamfunga kwake kwa kitenge kama mtoto anavyofungwa mgongoni, akaondoka polepole sana. Nyirarukundo alibaki kwenye migomba akiusikiliza mngurumo ule mpaka ulipopotea karibu na daraja la Sebeya. Kwa mara ya kwanza tangu shida zianze, alitamani mngurumo usiishe.

Mtoto aliyezaliwa ni yule pale, Ishimwe, ambaye ameshaanza kula mkate kabla ya hotuba.

Mafanikio yetu: Safari Kubwa

Mgeni rasmi, mwaka huu barabara imetulia. Magari yanapita Kanama na kurudi, na watu wanachelewa sokoni kwa kupiga soga tu. Damascène akawaambia wenzake, "Siku moja tutoke sote. Kila dereva abebe abiria wake mzee kuliko wote, bure, kutoka Kanama mpaka ziwani. Watu wausikie mngurumo, watoke nje waangalie."

Wenzake walimcheka kwa siku kadhaa, kisha wakaanza kuosha pikipiki.

Nyirarukundo alikuwa hajapanda pikipiki maishani mwake. Alipoambiwa kwamba yeye ndiye atakayekaa nyuma ya Damascène, mbele ya wote, alikwenda jikoni akatwanga mihogo ambayo hakuna aliyeihitaji. Epiphanie alimshauri akae upande, miguu pamoja, kama mwanamke mwenye heshima. Damascène akasema kwa upole, "Bibi, ukikaa upande kwenye kona ya Nyundo, heshima itabaki lakini wewe utaanguka." Kwa hiyo Nyirarukundo alivaa mshanana wake wa harusi, lile vazi la kufunga begani, kwa nje, na ndani akavaa suruali ya marehemu mumewe, Vénuste. Miguuni alivaa viatu vya Akaliza, ambavyo ni vikubwa kidogo. Damascène alimletea kofia yake ngumu, na ilikuwa moja tu. Alipoivaa alisikia harufu ya sabuni. Damascène alikuwa ameiosha ndani kwa ajili yake.

Pikipiki zilikuwa nyingi kiasi kwamba Bizumuremyi, aliyepewa kazi ya kuzihesabu, alichanganyikiwa mara mbili, mwishowe akatangaza kwamba zinatosha.

Tuliondoka Kanama. Mgeni rasmi, hatuna maneno ya kutosha kwa hili, lakini tutajaribu. Ardhi ilitetemeka mpaka tumboni. Mishanana ilipepea yote kwa pamoja, ya rangi ya waridi, ya kijani, ya manjano, kama nguo zilizotoroka kwenye kamba. Watu waliacha majembe kwenye viazi wakakimbilia barabarani. Mukamurenzi, ambaye hatembei bila fimbo, aliinyoosha fimbo yake mbele na kuamuru kila mtu apishe. Nyirarukundo alifumba macho mpaka daraja la kwanza. Kisha Damascène akamwambia, "Bibi, fungua macho, unapitwa na dunia." Akayafungua. Hakuyafumba tena, na kuanzia hapo akawa anamgonga Damascène begani akisema, "Ongeza kidogo. Kidogo tu, mwanangu."

Tulipopita Rugerero, nyumbani, kila mlango ulikuwa wazi. Wale waliokuwa wakijificha wakisikia mngurumo walikuwa wamesimama nje wakipiga makofi. Nyirarukundo alimwona jirani yake mmoja, ambaye hatutamtaja, akilia na kucheka na kula hindi kwa wakati mmoja.

Basi tukafika kwenye mzunguko wa mjini.

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utusikilize kwa moyo wa mzazi. Damascène aliishi Karagwe miaka mingi, na huko watu wanapita kushoto. Tangu arudi anapita kulia kama sisi wote, wala hajawahi kukosea. Lakini tumekuja kugundua kwamba kila siku kuna mtu mbele yake wa kumfuata. Siku ile hapakuwa na mtu mbele. Yeye ndiye aliyekuwa mbele. Alipofika penye mzunguko moyo wake ulikuwa umejaa furaha, na mikono yake ikarudi Karagwe. Akakata kushoto.

Nyuma yake, wote waliokulia Tanzania na Uganda walikata kushoto bila hata kufikiri. Wote waliokulia Kongo, na wale ambao hawakwenda popote, walikata kulia bila hata kufikiri. Kila upande ulizunguka kwa shangwe kubwa, ukipiga honi, mpaka tukakutana upande wa pili, uso kwa uso, tairi kwa tairi.

Wellars, dereva aliyezaliwa Goma, ndiye aliyekuwa akiongoza wale wa kulia. Alizima injini, akamwuliza Damascène:

"Vieux, mzee wangu, we unatoka wapi?"

"Mimi nilikuwa mbele yako," akasema Damascène.

"Bon. Na sasa uko mbele yangu kabisa."

Mugisha, aliyerudi kutoka Kampala, akasema yeye hana kosa, yeye alimfuata mkubwa. Mukamurenzi akamwuliza kama mkubwa angeingia ziwani angemfuata pia, akajibu kwamba angefikiria kwanza. Watu walicheka mpaka wengine wakashuka kwenye pikipiki ili wacheke vizuri.

Katikati ya wale wa kushoto na wale wa kulia kulikuwa na gari moja jeupe, lililokuwa likipita kwa haki upande wake. Halikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mgeni rasmi, gari hilo unalijua kuliko sisi.

Pikipiki iliposimama ghafla, kiatu cha Nyirarukundo kilichomoka, kikabiringika mpaka chini ya gari lako. Tuliona mlango unafunguka. Tulidhani tutasikia ukali. Ulishuka, ukapiga magoti kwenye vumbi na suruali yako ya ofisini, ukaingiza mkono chini ya gari, ukakitoa. Ukakifuta kwa leso yako.

"Bibi, hiki ni chako?"

"Ni cha mkwe wangu," akasema Nyirarukundo, "lakini mguu ni wangu."

Ukamvisha bila kumshusha kwenye pikipiki. Ukauliza, "Na mnakwenda wapi, wote hawa?"

"Kuliangalia ziwa."

"Si mnaliona kila siku?"

"Hatujaliona tukiwa pamoja."

Ulicheka, ukamwambia ashike vizuri, ukarudi garini, njia ikapatikana, ukaenda zako. Nyirarukundo amesimulia habari ya kiatu hicho kila siku tangu siku hiyo. Akaliza amekidai mara nyingi, naye bado hajakirudisha.

Ambayo hukuyaona

Mgeni rasmi, gari lako lilipoondoka alikuja askari wa barabarani. Hatumlaumu. Alikuwa kijana mpole, na kazi yake ni kuona watu wanapita upande wao. Aliuliza, "Nani alikuwa mbele?"

Tuliangalia milimani. Tuliangalia moshi wa volkeno ya Nyiragongo kana kwamba tunauona kwa mara ya kwanza. Wellars akaanza kusema kwamba kwenye mduara huwezi kujua nani yuko mbele. Damascène akainua mkono. "Ni mimi, afande."

Askari akachukua leseni yake na kumwambia asiendeshe mpaka wakubwa watakapoamua. Kisha, kwa wema ambao hatutausahau, alisimama katikati ya mzunguko akatupitisha wote kulia, mmoja mmoja, na kuwasalimu wazee. Nyirarukundo alimrudishia Damascène kofia yake, akahamishiwa kwa Wellars. Aliligeuzia ziwa mgongo alipofika, akawa anaangalia barabara tuliyotoka, kama kuna mtu anakuja.

Hivyo ndivyo ilivyo, mgeni rasmi. Safari Kubwa ilifika ziwani, na aliyeibuni alibaki kwenye mzunguko akiwa ameshika kofia yake ngumu.

Changamoto

Damascène hajawasha pikipiki tangu siku hiyo. Ameambiwa asiendeshe, naye haendeshi. Lakini hakuambiwa asisukume. Kila asubuhi anakuja na ile Yamaha akiisukuma kwa mkono, anaweka juu yake gunia la viazi la huyu na kapu la yule, anatembea nayo mpaka sokoni. Jumapili alimsukuma Mukamurenzi mpaka kanisani, amekaa juu ya kiti na fimbo yake. Askari yule yule aliwasimamisha.

"Damascène, hii ni nini tena?"

"Mkokoteni, afande."

Askari akaizunguka pikipiki, akagusa injini akaikuta baridi. "Mama," akamwambia Mukamurenzi, "huu mkokoteni unakwenda vizuri?"

"Unakwenda vizuri, lakini unahema."

Askari akawasindikiza mpaka kona. Tunasimulia haya tukicheka, maana ni ya kuchekesha. Lakini jioni tunamwona akirudi, shati limelowa, anapandisha kilima na chuma kile, na hapo hatucheki. Anakataa kuiacha nyumbani. Anasema abiria wakija barabarani wasiikute nafasi yake tupu.

Changamoto ya pili ni maji, lakini hiyo leo unakuja kuimaliza wewe mwenyewe. Asante.

Maombi

Hatuombi sheria ibadilishwe. Kulia ni kulia. Tumekubaliana kwamba katika Safari Kubwa ijayo, atakayetangulia atakuwa Wellars mpaka tuvuke mzunguko, kisha Damascène atachukua nafasi yake. Wellars amekubali. Alisema, "Haina shida, mi nitafungua njia, ye atafungua ziwa."

Tunachoomba ni leseni ya Damascène. Iko ofisini kwako, wanatuambia, inasubiri neno la mkubwa. Mkubwa ni wewe.

Mgeni rasmi, tunamalizia kwa jambo la ratiba ambalo Bwana Konseye hakuwa ameliona, nasi tunamwomba radhi. Chemchemi utakayoifungua iko juu ya kilima kile nyuma yako. Gari halifiki. Njia ni nyembamba, ina mawe, na kwa miguu utafika ukiwa umelowa jasho kama Damascène wetu. Pikipiki inafika. Tumekuandalia moja, imeoshwa, na zulia la kiti ni jipya. Kofia ngumu imeoshwa ndani kwa sabuni, Nyirarukundo mwenyewe ameinusa. Dereva anayeijua njia ile kuliko wote ni mmoja tu, na amesimama pale karibu na mlango, ameinamisha kichwa kwa sababu hakujua kwamba tungesema haya.

Lakini hana leseni. Na sisi ni watu wanaotii sheria, hatuwezi kumwomba ambebe Naibu Perefe bila ruhusa. Kwa hiyo tutanyamaza kidogo, ili mgeni rasmi apate nafasi ya kusema neno.

Ukishalisema, tupande kilimani, tufungue maji, tunywe. Kisha tushuke wote mpaka ziwani, maana yuko mmoja kati yetu ambaye hajafika. Kiatu chako kikichomoka njiani, usiwe na wasiwasi. Nyirarukundo atakuwa nyuma yako, na anajua jinsi kinavyorudishwa.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, abariki mikono iliyoingia kwenye vumbi kwa ajili ya bibi usiyemjua, abariki barabara ya Kanama izidi kuwa na kelele, na alinde kila anayepita juu yake, wa kulia na wa kushoto, mpaka afike anakokwenda.

Ni sisi wako,
Abiria wa Pikipiki wa Rugerero