Moshi wa Fabiani Mhina

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mzee Fabiani Mhina, mchochea boila. Amefariki nyumbani kwake Kilole, Korogwe. Alizaliwa Kabuku, akaja kufanya kazi ya mkonge wakati wa Mwingereza.

Kazi yake ilikuwa moto. Boila liliendesha korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge. Joto lililobaki lilitoka na moshi, likapotea bure. Baadaye yakafungwa mabomba kwenye dohani, na joto lile la bure likaendesha mtambo wa kupoza chumba kimoja cha zahanati ya shamba. Ndiyo, wasikilizaji, moto ulileta baridi. Watu walikwenda kugusa ukuta tu.

“Fabiani, chochea, wagonjwa wanatoka jasho,” walimtania.

Mwaka hamsini na sita, jua likiwa kali, wafanyakazi waligoma. Boila likazimwa. Wakati huo binti yake Hilaria, mtoto mdogo, alikuwa amelazwa katika chumba kile kwa homa. Chumba kikaanza kupata joto.

“Homa imepanda tena,” dresa, mhudumu wa zahanati, alimwambia Fabiani. “Ule ubaridi ndio uliokuwa unatusaidia.”

Fabiani akamwendea Mwinjuma, rafiki yake, kiongozi wa mgomo.

“Niwashe moto tu. Korona haitazunguka.”

“Ndugu yangu, kambi za wenzetu ng’ambo ya mto hazioni korona. Zinaona moshi.”

“Basi tuma watu wakawaambie.”

“Nitatuma. Subiri warudi.”

“Mtoto hasubiri, Mwinjuma.”

Akawasha. Chumba kikapoa, homa ikashuka. Lakini kambi za ng’ambo ziliona moshi, zikadhani wenzao wamerudi kazini. Nao wakarudi. Mgomo ukavunjika hivyo. Nasema tena: korona haikuzunguka. Halikukamuliwa hata jani moja.

Hakupigwa. Wenzake walimsalimu tu, wakapita. Kwenye misiba alikaa peke yake kwenye mkeka.

“Baba hakujitetea,” anasema Hilaria, ambaye sasa ana wajukuu. “Nilipokua nilimwuliza kama alijuta. Akaniambia, ‘Kula, mama, chakula kinapoa.’”

Juzi, mazikoni, Mwinjuma alikuja akishikwa mkono. Macho yake hayaoni vizuri.

“Shikamoo, baba,” Hilaria alimwamkia.

“Marahaba. Wewe ndiye yule mtoto?”

“Ndiye mimi.”

Mzee akanyoosha mkono, akamgusa paji la uso, kama mtu anayempima mtoto homa. Akauacha pale. Kisha akaomba akae na wafiwa, na mpaka leo, tunaambiwa, hajataka kurudishwa kwake.

Kwa Hilaria, na jamaa wote wa Kilole na Kabuku, poleni sana. Mungu ampumzishe mzee wetu. Nawe msikilizaji, pengine yupo mtu unayemsalimu na kupita. Leo simama kidogo, maadamu angali anaweza kukujibu.