Doreen Hebblethwaite na Makubaliano ya Crag Lane

Marehemu Doreen Hebblethwaite alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 mjini Sowerby Bridge, Yorkshire, mtoto wa pekee wa Wilfred na Edna Sugden. Baba yake alikuwa mfumaji wa mazulia kiwandani. Mwaka 1960 msimamizi alimpitishia karatasi, naye akaitia saini akidhani ni orodha ya likizo ya kiangazi. Kumbe alikuwa amekubali kuacha kazi kwa hiari. Tangu hapo Doreen hakuiamini karatasi yoyote yenye mstari mtupu chini yake.

Alisoma hukohuko Sowerby Bridge hadi Julai 1964. Siku moja alichapwa fimbo za viganja kwa kosa la msichana mwingine. Alipofika miaka kumi na mitano aliondoka shuleni bila kuaga.

Kwa miaka thelathini na mmoja aliuza mikate katika duka la Barraclough. Wateja walimpenda, ingawa aliwatazama kana kwamba kila mmoja ana jambo analificha. Mwokaji wa duka hilo, Clifford Hebblethwaite, alimposa mara tatu.

"Unataka nini hasa?" Doreen alimwuliza mara ya kwanza.

"Nataka nikuoe."

"Na zaidi ya hapo?"

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976. Bibi harusi alikisoma cheti chote kabla ya kukisaini, wageni wakilowa mvua nje. Binti yao, Lorna, alizaliwa Februari 1988.

Septemba 2001 shule ya sekondari ya Crag Lane iliwapelekea wazazi makubaliano ya nidhamu, yasainiwe na shule, mzazi na mwanafunzi. Doreen alihesabu. Mzazi alipewa mambo tisa, mwanafunzi manane, shule mawili.

"Mawili," alimwambia Clifford. "Na yote mawili ni 'shule itajitahidi'."

Akaisukuma karatasi nyuma ya saa ya mezani. Lorna, aliyechoka kuulizwa darasani kila asubuhi, aliichomoa, akasaini jina la mama yake, akairudisha shule.

Novemba hiyo Lorna alimmwagia mwenzake mchuzi kwenye foleni ya chakula, kisha akamtukana mwalimu aliyeingilia kati. Doreen aliitwa. Naibu mwalimu mkuu, Bwana Threlfall, aliweka karatasi ile mezani.

"Bi. Hebblethwaite, kosa hili adhabu yake ni kufukuzwa. Lakini nikiwa na mzazi aliyekubali kushirikiana nasi, naweza kumtetea. Hii ni saini yako?"

Doreen aliitazama. Kando yake, Lorna alitazama viatu. Mama aliona mtego pande zote mbili: akikubali, watamdai yote tisa, akikana, mtoto hana shule, na juu yake ataitwa mghushi.

"Ni yangu."

"Una uhakika?"

"Mwalimu, umeniita huku kote uniulize jina langu?"

Walipofika jikoni alimimina chai, akavuta kiti.

"Haya, mghushi wangu. Nisomee nilichokubali."

Kwa karibu miaka mitatu alivitimiza vipengele vyote. Alikagua madaftari, akazima televisheni saa mbili usiku, akahudhuria kila mkutano wa wazazi huku koti limefungwa vifungo vyote. Kila alipoinua macho alimkuta Threlfall akimtazama.

"Yule ananingoja nikosee," alimwambia Clifford.

"Labda amekupenda, Dor."

"Kula viazi vyako."

Lorna hakufukuzwa. Alipomaliza, Juni 2004, Doreen alikwenda kudai karatasi yake. Threlfall alikuwa ameshaitoa kabatini.

"Nilijua si mkono wako," alisema. "Ulijaza fomu ya kumwandikisha. Maandishi yako yamelala, haya yamesimama."

"Sasa ulinyamaza kwa nini?"

"Ulisema ni yako. Nikaona ningoje nione."

Doreen aliikataa kalamu aliyopewa, akatoa yake mkobani. Aliyasoma makubaliano upya, mstari kwa mstari, Threlfall akisubiri. Kisha, chini ya saini ya binti yake, alitia ya kwake na tarehe ya siku hiyo, siku ambayo karatasi ile haikuwa tena na la kumdai.

Clifford alifariki mwaka 2015. Doreen alianza kuugua mapafu Oktoba 2022. Dawa alizimeza baada ya kumhoji muuguzi juu ya kila kidonge. Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2024, saa kumi na nusu alasiri, Lorna akiwa amemshika mkono.

Ameacha binti, Lorna, mkwe, Gareth, na wajukuu wawili, Imogen na Bryn. Leo analazwa kando ya Clifford.

Pumzika, Doreen, kwa amani isiyo na masharti.