Sauti Mbili Katika Nafasi Moja

Bwana apewe sifa, ndugu zangu mnaonisikiliza Kasulu, Kibondo na kambini Nyarugusu! Mimi ni Skolastika, fundi kompyuta wa redio hii yetu ndogo.

Kaka yangu Yeremia aliondoka nyumbani Kibondo kutafuta kazi, tukampoteza miaka mitano. Mama alimtengea chakula kila jioni.

Mashine yetu hapa hurekodi salamu zenu kwa laini mbili za simu, lakini haihifadhi namba ya anayepiga. Asubuhi moja nikasikia humo mtu akisalimu kwa Kiha: "Mwakeye, mdogo wangu. Ni mimi Yeremia. Mwambie mama mimi ni mzima, sasa naishi..." Mara sauti ngeni: "...maharage yapo Nyakitonto, njooni na magunia." Ndugu zangu! Nilirudia kusikiliza tena na tena. Mashine nitunzayo mimi mwenyewe ndiyo iliyommeza kaka yangu!

Nilifunga na kuomba siku tatu. Kisha nikafungua draiva, ile programu inayounganisha mashine na kompyuta, nikaisoma mstari kwa mstari. Mungu akanifumbua macho. Simu mbili zikiingia kwa wakati mmoja, draiva ilizipa zote nafasi ileile ya kuandikia, na ya pili ikaifuta ya kwanza kuanzia pale ilipoingia. Nikaweka kufuli ndani ya programu: anayetangulia afunge, aandike, afungue, mwenzake angoje. Mwanzoni mashine iliganda, kwa kuwa simu iliyokatika njiani iliacha kufuli limefungwa. Nalo nikalirekebisha.

Mzee Hamisi, mwenye duka jirani, akanisaidia kujaribu. Tulipiga pamoja, yeye laini hii, mimi ile, kutwa nzima.

"Binti yangu, tupige tena?"

"Piga, mzee wangu."

Kila sauti ikatoka kamili!

Juma lililofuata, mama mmoja wa kambini alisikia salamu ya mumewe mpaka neno la mwisho, akajua alipo. Alikuja hapa redioni kushukuru, nikamkumbatia, nikalia. Nilifurahi, na nilimwonea wivu, Bwana anisamehe.

Ndugu zangu, maneno ya kaka yaliyofutwa hayarudi. Lakini Mungu amenitoa katika kujilaumu, nami namshukuru. Wewe uliyepotelewa na mtu wako, mtumaini Yeye, usichoke kungoja.

Na wewe, Yeremia, kama unanisikia hapo ulipo, piga tena, kaka. Mama yu hai. Sema taratibu, sema yote.